Rangi Juu ya Rangi

Kitu chochote kinachodumu miongoni mwa watu huvishwa sura nyingi. Nyumba hupakwa chokaa, jembe hutiwa mpini mpya kila unapovunjika wa kale, na jahazi hubadilishwa mbao moja baada ya moja mpaka usibaki hata ubao mmoja uliotoka mkononi mwa seremala wa kwanza. Hata hivyo twasema: hii ni nyumba ya babu, hili ni jembe la mama, hili ni jahazi letu. Je, twasema kweli? Na mtu akitaka kukirudishia kitu hicho sura yake ya asili, ni ipi kati ya sura hizo iliyo yake hasa? Swali hili ni la kale. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, aliandika kwamba wenye hekima wa Athene walibishana juu ya merikebu ya shujaa wao Theseus, iliyokwisha kubadilishwa mbao zake: wengine walisema ni ile ile, wengine walisema si ile tena. Mimi nataka tulitazame swali hilo, msomaji, katika kitu kilicho karibu nawe zaidi. Nataka tulitazame katika baiskeli.

Kikopey ni kituo cha biashara kando ya barabara kuu iendayo Nakuru kutoka Nairobi, jirani na Gilgil, si mbali na ziwa Elementaita. Wasafiri wanakijua kwa nyama ya mbuzi ya kuchoma, na moshi wa majiko yake huwapokea kabla hawajashuka garini. Lakini kabla pikipiki hazijaenea, mzigo mwingi wa Bonde la Ufa ulipanda juu ya baiskeli nyeusi, nzito, yenye breki za vyuma, ambayo Wakenya waliipa jina la Black Mamba. Ilibeba maziwa alfajiri, kuni adhuhuri, na jioni ilimbeba mgonjwa au bibi arusi. Tuseme basi kwamba umepata baiskeli ya namna hiyo katika kijiji chochote cha huko. Imepakwa kwa brashi rangi ya buluu, ile ipakwayo milango. Beji yake haipo. Mwenye kukupa hajui jina lake wala umri wake. Unataka kuitengeneza. Wajibu wako ni nini?

Wajibu wa kwanza ni kuijua, kwa maana hukumu isiyotanguliwa na ujuzi ni dhuluma. Usianze na msasa. Anza na macho. Ioshe kwa maji na sabuni, kisha uitazame mahali ambapo brashi haikufika. Rangi hufunika uso, lakini ni vigumu kufunika mifupa. Gurudumu la meno linalovuta mnyororo huweza kusema jina la kiwanda: Raleigh ya Nottingham ilichonga katika mengi ya magurudumu yake umbo la vichwa vya korongo, na BSA ya Birmingham ilikata herufi zake tatu. Magurudumu ya Kiingereza ya zamani kwa kawaida yalikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Ukifungua mahali panapozungukia pedali, hesabu nyuzi za skrubu: Raleigh ilikata nyuzi 26 katika inchi moja, ambapo viwanda vingine vingi vilikata 24. Na ukibahatika kukuta kitovu cha nyuma chenye giya tatu za Sturmey-Archer, sugua kidogo uchafu ulio juu yake. Huenda ukaona tarakimu zilizopigwa katika chuma, mbili za mwaka na nyingine za mwezi. Ukisoma 62 na 5, kitovu hicho kilitengenezwa mwezi wa Mei 1962.

Lakini ngoja. Nimesema kitovu, sikusema baiskeli. Gurudumu hubadilishwa, na mara nyingi limebadilishwa. Shahidi mmoja hatoshi kuthibitisha neno, hata akiwa shahidi wa chuma. Umbo nalo si ushahidi, kwa kuwa Hero ya Ludhiana, India, iliyoanza kuunda baiskeli mwaka 1956, na Phoenix ya Shanghai, zilitoa baiskeli zenye umbo lile lile la Kiingereza. Wala beji peke yake haitoshi. BSA iliuza kazi yake ya baiskeli kwa Raleigh mwaka 1957, na baada ya hapo beji ya bunduki tatu ilibandikwa juu ya kazi ya mshindani wake wa jana. Jifunze hapa, kijana, adabu ya kutafuta kweli: kusanya mashahidi wengi, waulize mmoja mmoja, na wanapopingana usimnyamazishe yule asemaye neno usilolipenda.

Sasa tuseme mashahidi wamekubaliana. Baiskeli yako ni Raleigh ya miaka ya 1960, na chini ya buluu ipo nyeusi ya kiwandani yenye mistari ya dhahabu. Hapa ndipo swali letu linapokuwa gumu. Mtu wa kwanza atakuambia: kwangua buluu yote, rudisha nyeusi, rudisha dhahabu, tafuta beji, kwa kuwa hiyo ndiyo baiskeli ya kweli na mengine yote ni takataka za wakati. Neno lake lina nguvu. Kazi njema ya fundi inastahili heshima, na mwenye kuipaka buluu huenda hakuwaza ila kuficha kutu. Mtu wa pili atakuambia: usiguse kitu, maana kila tabaka ni ukurasa wa historia yake. Neno lake pia lina nguvu.

Twende tukapate shauri Kariandusi, mahali palipo jirani na Gilgil, ambapo Louis Leakey alichimbua shoka za mawe mwishoni mwa miaka ya 1920. Shoka hizo zilichongwa na watu wa kale mno, mamia ya maelfu ya miaka kabla yetu. Makali yake mengine yamebutika. Je, mtaalamu afanye nini? Akiyachonga upya ili yang'ae kama siku ya kwanza, atapata shoka kali na kupoteza kila kitu alichokuwa akikitafuta, kwa sababu alama za mikono ya kale hazitengenezeki tena. Hivyo huliacha jiwe kama lilivyo. Lakini tufikiri vema kabla ya kuichukua hukumu hiyo na kuibandika juu ya baiskeli. Shoka la Kariandusi halitakata nyama tena; kazi yake leo ni kutoa ushuhuda tu. Baiskeli bado ina kazi mbili: kutoa ushuhuda na kubeba mtu. Ikinyimwa ya kwanza imedhulumiwa. Ikinyimwa ya pili imeuawa.

Kwa hiyo neno la mtu wa pili haliwezi kukubaliwa lote. Ipo rangi inayofunika uzee, na ipo rangi inayofunika jeraha. Kama chini ya buluu pana ufa mahali ambapo bomba za fremu zinaungana, buluu hiyo lazima iondoke, kwa kuwa inasema uongo utakaovunja shingo ya mtu mteremkoni. Kutu inayokula chuma nayo haina haki ya kuhifadhiwa. Na unapoiondoa rangi ya zamani, iloweshe kwanza, usiikwangue kavu ukavuta vumbi lake, na unawe mikono kabla ya kula. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, nayo ni sumu.

Lakini neno la mtu wa kwanza nalo lina kasoro, na kasoro yake ni ya ndani zaidi. Anaposema kwamba baiskeli ya kweli ni ile iliyotoka kiwandani, anampa nani ukweli? Kiwanda kilikaa nayo siku chache tu. Jina lenyewe la Raleigh lilitokana na mtaa wa Nottingham, na mji huo uliacha kuunda baiskeli hizo mwaka 2002. Mwendeshaji wa Bonde la Ufa, pengine, alikaa nayo miaka thelathini. Yeye ndiye aliyeiongezea chuma nyuma ili ihimili mitungi ya maziwa. Ndiye aliyeilaza ndani ya nyumba usiku kama mtoto. Ndiye aliyelipa karo kwa mapato yake. Buluu ile mbaya ilinunuliwa kwa fedha zake, ikapakwa kwa mkono wake. Kuifuta yote ili tuone dhahabu ya ugenini ni kusema kwamba maisha ya kitu yaliisha siku kilipofika kwetu, na yote tuliyokifanyia ni uchafu. Sikubali neno hilo kwa baiskeli, na sikubali kwa mtu. Wahenga walisema, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Basi nini kifanyike? Nashauri njia ya katikati, ambayo si ya woga bali ya haki. Tengeneza kwanza kinachohusu uhai: breki, magurudumu, gololi, mnyororo, na kila mahali palipo na ufa. Badilisha kilichokufa, lakini usitupe ulichokitoa. Kiweke kando, kwa kuwa mwingine aweza kujua usilojua. Rangi iliyo nzima iache. Ukitaka kuonyesha asili yake, fungua dirisha dogo mahali pamoja, tabaka baada ya tabaka, mpaka nyeusi na mstari wa dhahabu vionekane. Hapo atakayeitazama atasoma kiwanda na mwendeshaji kwa pamoja. Kisha andika yote katika daftari: ulichokikuta, ulichokiondoa, ulichokiongeza, na tarehe. Mali bila daftari huisha bila habari, na ukweli pia huisha hivyo.

Nawe waweza kuipaka upya yote ukipenda, kwa maana ni mali yako, na kupaka rangi si dhambi. Dhambi huanza pale rangi inapotumwa kusema uongo. Mwenye kubandika beji ya Raleigh juu ya fremu ya kiwanda kingine, akaiuza kwa bei ya jina, hakutengeneza baiskeli, ametengeneza mtego. Huo ndio uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tena kuna jambo zito kuliko hilo. Ukikuta nambari ya fremu imesagwa kwa tupa, simama. Kutu haisagi kwa tupa. Huenda rangi ile ilipakwa usiku mmoja ili mwenye mali asiijue mali yake, na huenda mwenyewe alikuwa muuza maziwa aliyeamka asubuhi akakuta ukuta mtupu. Ukinunua kwa kuwa bei ni nafuu, umekuwa tabaka jingine la rangi juu ya wizi ule. Uliza ilikotoka, usipojibiwa sawasawa, iache, na wenye mamlaka wapewe habari.

Mwisho, msomaji, tazama kwamba tumekuwa tukisema habari za vyombo, kumbe habari za watu hazikuwa mbali. Kila mtu amepakwa rangi: malezi, shule, kazi, shida na mapenzi vimepita juu yake kwa brashi, na kila kimoja kimeacha tabaka. Ukitaka kumjua, usimkwangue kwa haraka. Na ukitaka kujitengeneza mwenyewe, usidhani ni lazima urudi ulivyokuwa siku ya kwanza. Ondoa rangi inayoficha jeraha, tunza ile iliyopatikana kwa jasho, na usikubali kuvaa beji isiyo yako. Atakayefanya hivyo ataweza kutazamwa mahali popote, hata pale ambapo brashi haikufika, bila ya kuona haya.