Rafiki Akikuita Vitani

Msomaji, rafiki yako akipigana na mtu usiyegombana naye, kisha akakuita umsaidie, je, yakupasa kwenda? Swali hilo lilimfikia Harold Wilson mwaka 1964, mara alipokuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitaka askari wa Kiingereza Vietnam, hata wachache tu, ili ulimwengu uone kwamba hakuwa peke yake.

Kukataa hakukuwa jepesi. Sarafu ya Uingereza ilikuwa dhaifu, na fedha za Marekani zilikuwa miongoni mwa nguzo zake. Nani asiyejua unyonge wa mdaiwa? Lakini maelfu ya askari wa Wilson walikuwa tayari Borneo wakiilinda Malaysia. Tena, Uingereza na Muungano wa Sovieti ndio waliouongoza mkutano wa Geneva wa mwaka 1954 juu ya amani ya Vietnam. Angepatanishaje hali ameshika bunduki? Na wengi katika chama chake walivichukia vita vile. Hakupeleka kikosi.

Hata hivyo, usimsifu upesi. Alichokinyima kwa mkono alikitoa kwa ulimi, maana aliendelea kuiunga mkono Marekani kwa maneno, ijapokuwa mwaka 1966 alijitenga na mabomu yaliyoangushwa karibu na Hanoi na Haiphong. Je, ni haki kuvitetea vita usivyotaka mwanao afie? Vijana walioandamana London mwaka 1968 walisema si haki, nami nakubaliana nao. Lakini vijana hao walirudi kulala makwao. Wenzao wa Australia, nchi iliyoitika mwito, walikuwa wakiitwa jeshini kwa kura ya tarehe za kuzaliwa.