Paka Asiye na Mwenyewe

Wako watu wadhanio kwamba dini huishia katika Sala, Saumu na Zaka, na kwamba habari za paka wa mitaani hazistahili kuzungumzwa mahali pa dini. Mimi pia nalipata kuwa karibu na kosa hilo.

Siku moja, baada ya Sala ya Alfajiri, tulikuta mlangoni mwa msikiti gunia lililofungwa kamba. Ndani yake mlikuwa na watoto wanne wa paka, ambao macho yao yalikuwa hayajafumbuka. Mtu mmoja akasema watupwe mbali, mahali ambapo kilio chao hakitasikika. Nami, kwa kuwa nalikuwa na haraka ya darasa, nikanyamaza. Ndipo kijana mmoja, ambaye alikuwa bado hajaingia katika Islam bali alikuja kutusikiliza, akaniuliza: "Sheikh, dini yenu yasemaje juu ya hawa?" Naliona haya, kwani jibu nalilijua, na kunyamaza kwangu kulikuwa kumekwisha kumjibu vingine.

Ndugu msomaji, jibu lenyewe ni hili.

Kwanza, Kurani Tukufu yatufundisha katika Sura Al-An'am, aya ya 39 (kwa hesabu iifanyayo Bismillahi kuwa aya ya kwanza), ya kwamba wanyama watembeao juu ya ardhi na ndege warukao ni umati kama sisi. Na katika Sura Hud, aya ya 7, twaambiwa kuwa riziki ya kila mnyama iko juu ya Mwenyezi Mungu. Basi hakuna paka asiye na mwenyewe. Yule tumwitaye hana mwenyewe, Mwenyewe ni Mola wetu.

Pili, Mtume Mtukufu s.a.w. alisimulia habari za wanawake wawili, nazo zimo katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim. Wa kwanza alimfungia paka hadi akafa. Hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie, naye akaadhibiwa kwa sababu hiyo. Wa pili alikuwa mwanamke mwovu katika Wana wa Israeli. Alimwona mbwa anayekaribia kufa kwa kiu, akavua kiatu chake, akamtekea maji, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Tazameni! Wa kwanza hakuulizwa kwa nini hakuwalisha paka wote wa mji. Aliulizwa juu ya yule mmoja aliyekuwa mikononi mwake. Na wa pili hakuwa na mali wala sifa njema. Alikuwa na kiatu na huruma. Wewe uliyeingia karibuni katika dini, unayehuzunika kwa maisha yako ya zamani, usiipite habari hii upesi.

Tatu, Sahaba Abu Qatada r.a. alikuwa akiletewa maji ya kutawadha, akaja paka kutaka kunywa. Akaliinamisha chombo hadi paka akanywa, kisha akamweleza mkwewe aliyestaajabu ya kuwa Mtume s.a.w. alifundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wale wanaotuzungukazunguka nyumbani. Hadithi hiyo imo katika Muwatta ya Imam Malik na katika Abu Daud na Tirmidhi. Na Sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kupita wote twamjua kwa jina la Abu Huraira, yaani baba wa kijipaka, kwa sababu ya paka mdogo aliyekuwa akimtunza. Lakini ile hadithi ipendwayo na wengi, ya kwamba Mtume s.a.w. alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala, haimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Haifai kuutetea ukweli kwa habari isiyo na msingi, na zile zilizo sahihi zatutosha.

Nne, wengine huwapiga paka, hasa weusi, wakidai kuwa ni wachawi au mkosi. Mtume s.a.w. aliikanusha imani ya mkosi. Anayemwogopa paka mweusi amempa kiumbe dhaifu uwezo ambao ni wa Mwenyezi Mungu peke Yake.

Sasa tufanye nini? Ukikuta watoto wa paka mahali penye usalama, usiwaondoe upesi. Huenda mama yao amekwenda kutafuta chakula. Waachishwe ziwa kwanza, wapate kama wiki nane, ndipo watafutiwe nyumba. Umpe mtu unayemwamini, na umwambie kuwa ni amana. Katika Sahihi Muslim imo Hadithi ya Jabir r.a. inayokataza thamani ya paka. Ingawa wanazuoni wamehitilafiana katika kuieleza, kumtoa bure ni salama zaidi. Paka shume aliyekulia porini hatapenda kufungiwa nyumbani. Huyo awekewe maji na mabaki ya samaki, na akipatikana daktari wa mifugo, ahasiwe, ili wasizaliwe wengine wa kuja kutupwa. Wanazuoni wa Hanafi wameruhusu kuhasi wanyama kwa ajili ya manufaa. Na akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha uende hospitali upesi, kwani ugonjwa wa kichaa cha mbwa huweza kuletwa na paka pia.

Huenda mtu akasema: "Watoto wa watu wana njaa, nanyi mwahangaikia paka?" Neno hilo lina uzito, na haki ya yatima hutangulia. Lakini kichwa cha samaki kitupwacho jalalani hakimpunguzii yatima kitu. Na moyo uliozoea kusikia kilio cha gunia na kupita, kesho utasikia kilio cha yatima na kupita vilevile.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alipotangaza masharti kumi ya baiat mwaka 1889, katika sharti la nne aliwataka wafuasi wake wasiwaudhi viumbe wa Mwenyezi Mungu kwa ulimi, kwa mkono wala kwa njia yoyote. Na katika la tisa, wajishughulishe kuwahudumia viumbe hao. Hakusema wanadamu tu.

Wahenga wetu walisema: Paka wa nyumba haingwa. Dunia hii yote ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, na sisi sote ni wenye kuzunguka mlangoni Pake tukingoja riziki.

Wale wanne walichukuliwa na mama mmoja mjane wa Jamaat, ambaye paka wake alikuwa akinyonyesha. Mmoja alikufa siku ile ile. Watatu walipokelewa na paka yule, wakakua. Aliyelibeba gunia hadi kwa mjane yule ni yule kijana aliyeniuliza, nami nalimfuata nyuma.

Mwenyezi Mungu atujalie tusingoje kuulizwa. Amin.