Je, umuonaye msikitini unamjua?

Ijumaa moja baada ya swala, kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ana shahada ya uhasibu, na huo ulikuwa mwaka wa pili anazunguka na bahasha hiyo. Baada ya salamu akanieleza shida zake mbili. Kwanza, niruhusu jina langu liwe miongoni mwa wadhamini wake watatu, kama matangazo ya kazi yanavyotaka. Pili, nimpigie simu mkuu wa utumishi wa ofisi aliyoomba kazi, kwa kuwa naye ni Muislamu na tunafahamiana. Nilipomuuliza nikaseme nini, alishangaa. "Mzee wangu, si unanijua? Kila Ijumaa tuko wote hapa."

Je, namjua?

Imepokewa kuwa mtu mmoja alikuja kutoa ushahidi mbele ya Sayyidna Umar (R.A.), naye akamwambia alete mtu anayemjua. Akajitokeza mmoja akasema anamjua na kwamba ni muadilifu. Umar akamhoji. Wewe ni jirani yake, unayeona kuingia na kutoka kwake? La. Umewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu? La. Umesafiri naye? La. Umar akamwambia basi humjui. Katika baadhi ya mapokezi aliongeza kuwa labda alimuona tu msikitini akiinamisha kichwa na kukiinua.

Ndugu msomaji, mdhamini ni shahidi. Ukimwambia mwajiri kuwa kijana huyu ni mwaminifu, umeshuhudia. Na Mtume (S.A.W.) alipokuwa akitaja madhambi makubwa kabisa, alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliketi sawasawa, akaukariri mpaka masahaba wakatamani anyamaze.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya mimbari tu. "Wenzetu wanabebana, sisi tunajifanya wachamungu, ndiyo maana maofisini hatumo." Hoja hii ina uchungu wa kweli ndani yake na siibezi. Kilio cha Waislamu wa nchi hii juu ya elimu na ajira ni cha miaka mingi. Lakini tujiulize kwa uwazi: tunachokilalamikia ni kazi kutolewa kwa kujuana, au ni kwamba sisi hatujajuana vya kutosha? Katika Surat Al-Maida, aya ya 8, tumekatazwa chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu.

Juni 2014, zaidi ya vijana elfu kumi walifika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka huohuo ajira nyingine za idara hiyo zilisimamishwa baada ya malalamiko kuwa zimekwenda kwa ndugu na jamaa. Hivi mle uwanjani hamkuwamo watoto wa Kiislamu, tena wasio na mjomba ofisi yoyote? Simu inayopigwa kwa ajili ya "wetu" mmoja, wa kuumia anaweza kuwa "wetu" mwingine ambaye hana wa kumpigia.

Basi tukae kimya? La hasha! Surat An-Nisaa, aya ya 85, inatufundisha kuwa mwenye kuombea maombezi mema ana fungu lake katika wema huo, na mwenye kuombea mabaya naye ana sehemu yake. Na Mtume (S.A.W.) akijiwa na mwenye haja aliwahimiza masahaba wamuombee ili wapate ujira. Kukataa kumsaidia kijana kwa kisingizio cha uadilifu ni uvivu uliovaa kanzu.

Kwa maoni yangu, jambo kubwa hapa ni wakati. Aliyemjua kijana tangu yuko chuoni atakuwa na la kweli la kusema siku akiulizwa. Anayeletewa bahasha siku ya mwisho ya kupokea maombi hana la kusema, ila abuni. Tena msaada unaotolewa mapema, kabla nafasi haijatangazwa, haumpokonyi mtu haki yake.

Vipo vyuo vyenye ofisi za kuwashauri wanafunzi juu ya ajira, lakini wengi huzikumbuka wameshavaa joho. Na sisi tuliohitimu zamani? Jumuiya za wanafunzi hutualika kwenye mahafali, tunasoma nasaha, tunachangia kidogo, tunakula pilau, tunaondoka. Afadhali mhasibu mmoja achukue vijana wawili wa mwaka wa pili, awatafutie mahali pa mafunzo kwa vitendo, awape hesabu za madrasa wazifunge. Aone nani anachelewa, nani akikosea husema na nani huficha. Hizo ndizo dinari na dirhamu za Sayyidna Umar.

Nirudi kwa kijana wangu. Niliufungua wasifu wake palepale. Ameandika uzoefu wa mwaka mzima katika kampuni ambayo, nilipomdadisi, alikaa wiki sita za mafunzo. "Wote wanaandika hivyo, mzee." Nabii Yusuf (A.S.) alipojieleza kwa mfalme wa Misri alitaja mambo mawili tu, kuwa ni mtunzaji na ni mjuzi, na yote mawili yalikuwa kweli. Cha ajabu, kijana huyu ameshika daftari la duka la nafaka la shangazi yake kwa miaka mitatu, mapato, madeni na mzigo, na hilo hakuliandika popote. Aliona aibu. Duka la Tandika, bwana, nani atalisoma?

Simu sikupiga, na jina langu halikuingia katika maombi yale. Nilimwambia aniletee hilo daftari. Aliondoka amenuna, nami njiani nafsi ilinisuta, maana huenda nilimkosesha riziki ya mwezi ule.

Jumamosi ya pili yake alibisha hodi nyumbani, daftari kwapani. Ukurasa wa nne ulikuwa na kosa la shilingi elfu kumi na mbili. Alinionyesha mwenyewe kabla sijaliona.