KUSANYENI MABAKI

Somo: Yohana 6:1–13



Bwana wetu alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, hakuondoka kabla ya mabaki kuokotwa, hata vikajaa vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuizidisha mikate hakudharau makombo.

Somo hili limetukumbusha mama mmoja wa Kenya, Rosemary Karuga, mwalimu mwenzetu. Alizaliwa Meru mwaka 1928, akawa mwanamke wa kwanza kusoma Shule ya Sanaa ya Makerere, akamaliza mwaka 1952. Kisha akarudi kufundisha shule na kulea watoto. Miaka zaidi ya thelathini ikapita, na kipaji chake kilikuwa kama taa iliyowekwa chini ya pishi.

Mwaka 1987, akikaribia umri wa miaka sitini, alipata nafasi katika kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi. Mmoja wa waanzilishi wake ni Elimo Njau wa Marangu, yule aliyechora picha za maisha ya Bwana Yesu ukutani mwa kanisa la Kianglikana la Murang'a. Vifaa vya kuchorea vilikuwa haba. Mama Karuga akachukua makaratasi ya sabuni na mifuko ya unga, akayakata vipande vidogo vidogo, akavibandika kwa gundi. Zikatokea picha za maisha ya shambani, kina mama na wanyama. Ukizitazama kwa mbali, ungedhani zimepakwa rangi kwa brashi. Mwaka 1990 zilionyeshwa New York, naye alikuwa mwanamke pekee katika maonyesho yale. Alifariki Ireland mwaka 2021.

Ndugu, hapa Ganako Mungu ametupa mandhari bila kutudai senti: udongo mwekundu, mashamba, na msitu wa Ngorongoro ukijifunika ukungu asubuhi. Zamani binti mmoja darasani kwetu aliuchora msitu huo pembeni mwa daftari la Hesabu. Tukamwamuru aufute. Hata kipindi cha kuchora tulikuwa tukikifanya cha Hesabu, mtihani ukikaribia.

Hivi karibuni tulikutana naye sokoni Karatu, sasa ni bibi mwenye wajukuu. Tukamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Mwalimu, yamepita. Mkono umeshasahau."

Neno hilo limetuchoma. Lakini mkono wa Mama Karuga haukusahau. Basi tumempelekea bibi yule daftari na kalamu za rangi.

Nanyi wazazi, mtoto akichora, msimfutie. Nanyi wazee wenzetu, msiseme siku zimekwisha. Mabaki ya siku zetu nayo Bwana anayataka kikapuni.

Ee Bwana, utusamehe tuliyoyafuta, utufundishe kukusanya yaliyobaki. Amina.