Utamu usio sukari: Nani abebe dhima ya shaka?

Julai mwaka 2023 nilimpigia simu mama yangu mkubwa, mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi, nikamwambia atupe vile vidonge vyake vya kutia utamu kwenye chai. Redio zilikuwa zimetangaza kuwa aspartame, utamu wa kutengenezwa uliomo ndani ya vidonge vile, "inaleta saratani". Akanijibu: "Sawa mwanangu, wewe ndiye uliyesoma." Akavitupa. Baada ya miezi miwili kipimo chake cha sukari kikapanda vibaya, na tulipomdadisi akasema amerudia vijiko vitatu katika kila kikombe. Msomi wake alimkataza kidonge, hakumwambia anywe nini.

Nimelifikiria sana jambo hili. Je, mtu aliyefikisha habari ambayo si uongo, lakini hakuifikisha yote, ana lawama au hana?

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Saratani (IARC), iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliiweka aspartame katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kwa ushahidi ambao wenyewe waliuita finyu. Katika kundi hilo hilo limo hata dondoo la jani zima la mshubiri, ambao wangapi miongoni mwetu wanausifu kuwa ni dawa! Siku ile ile kamati nyingine ya wataalamu ilisema haioni sababu ya kubadili kiwango cha siku: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 ya soda isiyo na sukari kila siku. Mama mkubwa alikuwa akitumia vidonge vinne.

Na mwezi Mei mwaka huo huo WHO ilikuwa imeshauri watu wasitegemee utamu huu kupunguza unene, kwa kuwa hausaidii kwa muda mrefu, na wanaoutumia kwa miaka mingi wameonekana kupata zaidi kisukari na maradhi ya moyo. Lakini ushauri ule uliwatoa waziwazi watu ambao tayari wana kisukari. Hilo sikulisoma. Tena wataalamu wenyewe wanakiri ugumu uliopo: mtu huanza kukimbia sukari akishanenepa au akishaambiwa na daktari kuwa yumo hatarini, kwa hiyo si rahisi kujua kama utamu ndio ulioleta maradhi au maradhi ndiyo yaliyoleta utamu.

Hofu hizi si mpya. Saccharin, iliyogunduliwa mwaka 1879, ilitaka kupigwa marufuku Marekani mwaka 1977 kwa sababu ya panya waliopata saratani ya kibofu. Ikabandikwa onyo kwa zaidi ya miaka ishirini, kisha mwaka 2000 onyo likaondolewa, baada ya kubainika kuwa yanayotokea katika mkojo wa panya dume hayamtokei binadamu.

Yupo atakayesema: kwenye shaka, acha. Maneno mazuri, na sisi tumelelewa kuziogopa shubha. Lakini uache nini ushike nini? Mgonjwa anayekiacha kidonge chenye shaka akashika sukari ambayo madhara yake kwake hayana shaka, huyo hajajiepusha na kitu. Tumemsukuma tu.

Sasa geuza upande wa pili. Ramadhani iliyopita nilichukua paketi ya unga wa juisi tunayowakorogea watoto wakati wa futari, nikaenda nayo dirishani penye mwanga. Kwa herufi ndogo kama chungu, tena za Kiingereza, mlikuwa na aspartame na wenzake wawili. Mbele limechorwa embe! Aspartame ni tamu kama mara 200 kuliko sukari, kwa hiyo chembe kidogo hutosha jagi zima, na hapo ndipo faida ya muuzaji ilipo. Mtoto yule haumwi kisukari. Kuiacha hakumgharimu chochote, maji yapo na embe lenyewe lipo sokoni. Shaka ni ile ile, lakini hukumu yake haiwezi kuwa moja na ya mama mkubwa. Na mzazi aliyenunua hakuchagua, maana hakuambiwa kwa lugha anayoisoma. Mimi naona dhima ya shaka hapa ni ya anayefaidika nayo. Aandike kwa Kiswahili, kwa herufi zinazoonekana, kisha mzazi aamue.

Nilikwenda kumwomba radhi mama mkubwa. Daktari wake alimwambia apunguze utamu wa kila aina kidogo kidogo, na kidonge si haramu kwake. Siku hizi anakunywa chai ya rangi yenye mdalasini. Akija mgeni anatia kidonge kimoja, na mimi nikiwa pale ananitazama kwanza.