Hakuna Taarifa Zilizopatikana

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa nikiwa mwanafunzi wa uzamili ilikuwa kutafuta ushahidi wa mambo yaliyompata mtu nisiyemjua. Ofisi moja inayoandaa taarifa kwa ajili ya maamuzi ya hifadhi ilinipa jalada la Mrundi aliyekimbilia Ulaya. Alieleza kwamba mwaka 2016 polisi, wakiongozana na Imbonerakure, vijana wa chama tawala cha CNDD-FDD, walimtoa nyumbani usiku na kumpiga kwa siku mbili kwa sababu kaka yake alikuwa mwanachama wa chama cha upinzani cha MSD. Kazi yangu ilikuwa kuona kama kuna ripoti yoyote inayotaja kilima chao.

Nilitafuta siku nne, kwa Kiingereza na Kifaransa. Nikaandika: "Hakuna taarifa zilizopatikana." Ilikuwa kweli tupu. Miezi kadhaa baadaye niliikuta sentensi yangu ndani ya uamuzi wa kumkatalia, imegeuzwa kuwa sababu ya kutomwamini.

Likizo hiyo nilirudi nyumbani Mwamkulu, wakati wa mavuno ya mpunga. Yupo bibi mmoja wa Katumba anayenunua mpunga kwetu kila mwaka. Aliingia Tanzania mwaka 1972 akiwa mtoto. Makazi ya Katumba yalifunguliwa 1973, Mishamo yakafuata 1978, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa kundi lao walipewa uraia. Nilimwamkia, tukaketi juu ya magunia, nikamuuliza baba yake alikuwa akifanya kazi gani.

"Mwalimu, mjukuu wangu. Wenye kalamu ndio walitangulia kuchukuliwa."

Nilikuwa nimesoma habari hizo bila kuzielewa. Mwaka ule, baada ya uasi wa Aprili ulioua Watutsi wengi, jeshi la Burundi liliwaua Wahutu kwa maelfu, na waliolengwa hasa ni walimu, wanafunzi na makarani. Yaani wale ambao wangeandika.

Nikarudi kwenye jalada langu kichwani. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa na kunyamazishwa, na waandishi wengi wakakimbia. Mwaka 2017 Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, ambayo serikali iliizuia kuingia nchini, iliwataja polisi na Imbonerakure miongoni mwa watuhumiwa wa ukatili. Februari 2019 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja huo ilifungwa kwa shinikizo la serikali. Ningeikuta wapi habari ya kilima kimoja? Kadiri mtesaji anavyoifanya kazi yake kwa ukamilifu, ndivyo jalada la mteswa linavyokuwa jembamba. Mimi nilikuwa nimempa mtesaji maksi kwa usafi wa kazi yake.

Mwenzangu darasani alinibishia: ukimya ukiwa ushahidi, kila mtu atadai lolote. Ana hoja. Ukimya hauthibitishi kwamba mtu alipigwa. Lakini pia hauthibitishi kwamba hakupigwa, na mtafiti anayeuacha bila maelezo ameshachagua upande. Mwongozo wa UNHCR wa mwaka 1979 unasema jukumu la kutafuta ukweli ni la mwombaji na la mchunguzi pamoja, na kwamba anayesimulia kwa namna inayoaminika apewe nafasi pale shaka inapobaki. Mtu hakimbii na risiti za mateso yake.

Siku hizi, nisipopata kitu, naandika mistari mitatu zaidi: nani alikuwa akiandika habari za eneo hilo, alinyamaza lini, nani alimnyamazisha. Ni kazi ya nusu saa.

Kwa yule Mrundi sikuwa nimeitumia hiyo nusu saa. Nimewaandikia wenye ofisi nikiomba mistari hiyo iongezwe kwenye jalada lake. Bado hawajanijibu.