Kiti cha Jumatano Usiku

Masomo ya wiki: Matendo ya Mitume 20:7–12; 2 Wakorintho 10:7–13

Tarehe 22 Juni 2016, saa nne usiku, Mmarekani mmoja aitwaye Bill Simmons aliketi mbele ya kamera za televisheni ya HBO kufungua kipindi chake kipya, Any Given Wednesday. Kama jina hilo hulijui, hujapungukiwa na kitu. Yeye ni mtu wa mpira wa kikapu na ule mpira wao wa kofia ngumu, na huku kwetu tunalala na kuamka na kandanda. Lakini yaliyompata kwenye kiti kile yamenirudia mara nyingi wiki hii nikiandaa somo la Wakorintho.

Simmons alianza mwaka 1997, akiandika kwenye mtandao kuhusu timu za Boston. Aliandika kama shabiki: alinung'unika, alitania, alikumbuka mechi za utotoni, akachanganya michezo na sinema. Watu wakampenda. Mwaka 2001 akaingia ESPN, kampuni ya televisheni ya michezo, na mwaka 2007 akaanza podikasti, yaani kipindi cha sauti cha mtandaoni. Humo ndimo alimopata nyumba yake. Angezungumza na rafiki kwa saa nzima au zaidi, au angempigia simu baba yake mzazi, mzee wa Boston, wakalaumiana juu ya kocha fulani kama wazee wanavyolaumiana barazani. Mamilioni walisikiliza. Mwaka 2014 alimwita Roger Goodell, kamishna wa NFL, ligi ya ule mpira wa kofia ngumu, mwongo, na ESPN ikamsimamisha kwa wiki tatu. Mwaka uliofuata ikaacha mkataba wake uishe. HBO ikamchukua, ikampa studio, wageni wakubwa na usiku wa Jumatano.

Hata tangazo la kipindi lilikuwa la namna yake. Simmons alisimama akitaja mambo anayoyaamini, moja baada ya jingine, kama anakiri Imani ya Mitume pasipo mitume. Mchungaji hawezi kupita pale asisimame kidogo.

Usiku wa kwanza alikuja Charles Barkley, mchezaji wa zamani wa kikapu, akaja pia Ben Affleck, mwigizaji wa sinema. Affleck akawaka kuhusu kashfa ya mipira iliyodaiwa kupunguzwa upepo katika timu ya New England, akatukana weee, na kesho yake watu walimzungumzia yeye kuliko mwenye kipindi. Baada ya hapo mambo hayakupanda. Vipindi 17 tu vilirushwa, na kufikia Novemba mwaka uleule HBO ilikuwa imetangaza mwisho wake.

Mtu alikuwa yuleyule, akili ileile, ucheshi uleule. Kwa nini basi?

Msikilizaji wa podikasti hukaa na mzungumzaji akiwa safarini, jikoni, au akifua nguo. Hamwoni. Habari ikipotea njia na kurudi baada ya dakika ishirini, haimkeri. Inamfanya ajione yumo katika mazungumzo. Televisheni haina subira hiyo. Nusu saa, na ndani yake maoni ya mtangazaji, mgeni huyu, mgeni yule, kwaheri. Mikono ambayo kwenye podikasti haikumhusu mtu sasa inaonekana, na mwenyewe hajui aiweke wapi. Macho yanasoma maneno kwenye kioo. Lile swali la tatu, lile linalokuja baada ya mgeni kulegea, halifikiwi kabisa, maana muda umekwisha kabla mgeni hajalegea. Na nadhani kulikuwa na jambo jingine lililomuumiza zaidi: podikasti yake haikusimama. Aliyetaka kumsikia Simmons angempata bure wiki hiyohiyo, kwa urefu anaoutaka, saa anayoitaka. Kipindi cha Jumatano kilishindana na mwenye kipindi mwenyewe.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye kiti cha namna hiyo. Kuanzia 2012 hadi 2014 alikuwa kwenye meza ya wachambuzi wa ESPN kabla ya mechi za ligi ya kikapu ya NBA, na wengi waliomtazama walimwona mkavu pale. Yeye alijua, na waajiri wake walijua. Bado wote walikubaliana kwamba mtu aliyefaulu kwa sauti ni lazima apandishwe kwenye picha.

Hapo ndipo Mtume Paulo anapoingia.

Watu wa Korintho walipenda wasemaji. Mji wao ulizoea walimu wa ufasaha waliojua kusimama, kunyoosha mkono na kupandisha sauti mahali pake. Apolo, Myahudi wa Aleksandria, alikuwa mtu wa ufasaha, na Luka hafichi hilo. Paulo alipotajwa mbele ya watu hao, neno lao lilikuwa kali: anapoandika ana uzito, lakini akija mwenyewe ni dhaifu na usemi wake haufai kitu. Sisi tumezoea kumwona Paulo katika vioo vya rangi, upanga mkononi, ndevu hadi kifuani. Wakorintho walimwona kwa macho, wakasikitika.

Na ukitaka kuwaonea huruma kidogo, soma habari ya Troa. Paulo anahubiri katika chumba cha juu, taa nyingi zinawaka, na hotuba inakwenda hadi usiku wa manane. Kijana Eutiko amekaa dirishani. Anasinzia, anaanguka kutoka orofa ya tatu, anaokotwa amekufa. Paulo anashuka, anamkumbatia, na uhai unamrudia. Mimi ningefupisha baada ya hapo. Paulo alipanda tena juu, akamega mkate, akazungumza hadi alfajiri!

Kinachonivuta ni jibu lake kwa Wakorintho. Hakatai. Katika sura ya 11 ya waraka wa pili anakubali kwamba si mtaalamu wa kusema, ingawa maarifa anayo. Hatafuti mwalimu wa ufasaha amrekebishe mikono. Wala hasemi Apolo ni mwongo. Katika waraka wa kwanza alikwishawaambia kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji. Katika sura ya 10 anakataa mchezo mzima wa watu kujipima wao kwa wao, akasema atajisifu ndani ya eneo ambalo Mungu amempimia, nalo eneo hilo limefika hadi Korintho. Yaani ninyi mnaonicheka, ninyi wenyewe mko ndani ya kazi niliyopewa.

Hapa natakiwa kuwa mwangalifu. Mahubiri ya "kaa ulipo" yamewaziba wengi midomo, wanawake hasa, na vijana waliozaliwa katika nyumba zisizo na jina. Paulo hakukaa alipo. Musa alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito, na bado alitumwa kwa Farao, Haruni akiwa kando yake. Mungu huwapeleka watu mahali wasipopaweza. Tofauti ninayoiona ni sababu ya kwenda. Paulo alipanda chumba cha juu cha Troa kwa kuwa kulikuwa na watu ambao angewaacha kesho yake, na usiku uliobaki ulikuwa ule mmoja tu. Kiti cha Jumatano cha HBO kilitolewa kwa sababu kilikuwa cha juu zaidi. Sioni kwamba kulikuwa na mtu aliyelala njaa ya kile kipindi.

Simmons alifanya jambo moja ambalo viongozi wa kanisa hulifanya kwa shida. Kipindi kilipofutwa alisema hadharani kwamba hakikuwagusa watazamaji kama walivyotumaini, na kwamba lawama ni yake. Hakumtupia mtayarishaji, wala HBO, wala watazamaji wasioelewa. Kisha akaendelea na podikasti, na kampuni yake, The Ringer, iliyokuwa na miezi michache tu. HBO hawakuachana naye. Mwaka 2018 walionyesha filamu ya maisha ya mwanamieleka Andre the Giant ambayo Simmons alishiriki kuisimamia, safari hii akiwa nyuma ya kamera. Mwaka 2020 Spotify, kampuni ya muziki na podikasti mtandaoni, wakainunua The Ringer kwa fedha nyingi sana. Wapo wahubiri ambao wangeipokea sehemu hiyo ya mwisho kwa shangwe: mnaona, aliinuliwa! Sitaki. Fedha za Spotify hazithibitishi lolote juu ya Mungu, na kama asingeuza hata senti, bado ingekuwa sawa kwake kurudi kwenye kazi aliyoiweza.

Sasa nije nyumbani, maana usharikani tunafanya kama HBO kila baada ya miaka minne. Tunaye mama mmoja, sitamtaja, aliyeongoza jumuiya yake kwa namna ambayo wagonjwa walitembelewa kabla mchungaji hajapata habari. Tuliona, tukafurahi, na tukamlipa kwa kumfanya mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Tukamkabidhi hesabu za saruji, mafundi wanaokuja na kuondoka, na vikao vya wanaume waliojua bei ya nondo kuliko yeye. Aliteseka kwa mwaka mmoja na nusu, kisha akaomba kupumzika. Maneno yaliyozunguka baada ya hapo yalikuwa mafupi: ameshindwa. Na alipotaka kurudi kwenye jumuiya, mtu mmoja, mtu mwema tu, akauliza mbele yake kama kweli ataweza.

Swali hilo ndilo lililotakiwa kuulizwa kabla hatujampeleka kwenye ujenzi, nasi tuliuliza baada. Hatukumuuliza yeye lolote. Tulidhani heshima ni ngazi, na kwamba mtu anayepanda na kushuka amepungua. Tazama tunavyosema: mwinjilisti "amebaki" mwinjilisti, kana kwamba gari limemwacha kituoni. Mwalimu wa Shule ya Jumapili mwenye miaka ishirini darasani tunamhurumia, badala ya kumwombea afike thelathini.

Mama huyo sasa yuko tena na jumuiya yake. Wagonjwa wanatembelewa. Lakini ameniambia kwamba bado akiingia kikaoni anahisi watu wanahesabu mifuko ya saruji usoni pake, na sikuwa na jibu la kumpa papo hapo. Nilimsomea Wakorintho. Alicheka sana kwa habari ya Eutiko, zaidi nadhani kuliko alivyofarijika kwa habari ya Paulo.

Wiki hii soma 2 Wakorintho sura ya 10 hadi ya 12 kwa mkupuo mmoja, ukiweza kwa sauti. Utaona mtu aliyeumizwa kweli na maneno ya watu. Paulo si jiwe, na katika sura ya 12 anasema alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba uliokuwa mwilini mwake. Kisha, wazee wa kanisa mtakaokaa Jumamosi kupendekeza majina ya kamati mpya, naomba kila jina litakaloandikwa, mwenye jina awe ameulizwa kwanza. Aulizwe nyumbani kwake na si kikaoni mbele ya watu, na apewe siku kadhaa za kufikiri. Akisema hapana, andikeni jina jingine, na mtu asimwendee tena.